Ni ya Nani Siri ya Nasaba?

Ndugu yetu mmoja katika wanaohudhuria darasa zetu za usiku, ambaye kazi yake ni biashara ya vitambaa na vyombo, na ambaye kila mwaka husafiri mara moja au mbili kwenda Guangzhou, kusini ya Uchina, alibaki nyuma usiku mmoja watu walipokwisha toka, akatuletea suala ambalo hatukulitarajia. Alisema kuwa huko Guangzhou yuko mama mmoja mwenye ghala, ambaye amefanya naye biashara kwa zaidi ya miaka kumi, wala hajaona kwake hata siku moja hila ya kipimo au ya bei. Mama huyo, mwenye umri wa miaka 47, aliugua saratani ya ovari, yaani vile vifuko vya mayai ya uzazi. Madaktari walipoipima damu yake walimwambia kuwa asili ya maradhi yake ni hitilafu aliyozaliwa nayo, aliyoirithi kwa mmoja wa wazazi wake. Na kwamba dada yake huenda anayo, na binti wa dada yake vilevile. Wakamshauri awaambie jamaa zake wakapimwe. Yeye hakuwaambia. Na sababu yake ni kuwa binti huyo, ambaye kwa mama yake ni mtoto wa pekee, amekwisha poswa na arusi imekaribia; akachelea neno hilo lisije likafika kwa watu wa mume.

"Sasa nyinyi mwasemaje, sheikh?" alituuliza ndugu yetu. "Mama huyu amesitiri, au amedhulumu?"

Hatukumjibu usiku ule. Tulimwomba muhula, kwa kuwa tumejizoeza katika darasa letu kutolihukumu jambo mpaka tulitambue lilivyo. Tulikaa na vijana wetu wawili waliosoma utabibu, tukasoma nao kwa jioni kadhaa, na haya tunayoyaandika ni mukhtasari wa tuliyoyafahamu. Msomaji atuwie radhi ikiwa maelezo yatakuwa marefu kidogo, kwani hukumu yetu yote imesimama juu yake.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, nazo ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Na ndani ya karibu kila moja mna andiko refu mno, liitwalo DNA, lenye herufi kiasi cha milioni elfu tatu katika kila nuskha. Nuskha ni mbili: moja tumepewa na mama na moja na baba. Wataalamu wa lugha yetu wameziita sehemu zake vinasaba, na jina hilo limetupendeza kwa sababu asili yake ni nasaba, nalo lamkumbusha mtu kwamba alichonacho humo hakukipata peke yake.

Seli inapozaa seli nyingine, andiko lote hunakiliwa upya. Wale wenye kumbukumbu ya misahafu iliyokuwa ikinakiliwa kwa mkono huko Siyu watafahamu upesi taabu iliyomo. Mwandishi hata awe hodari namna gani, kalamu huteleza; ataruka neno, au ataandika herufi moja mahali pa nyingine. Ndiyo maana nuskha mpya hailinganishwi kwa jicho la haraka, bali husomwa herufi kwa herufi mbele ya ile ya asili, na penye kosa hufutwa na kuandikwa sawa. Katika seli zetu wamo wasahihishaji wa namna hiyo, wasiolala usiku wala mchana. Na kazi yao si ya makosa ya kunakili tu. Jua la mchana huunguza herufi, moshi wa tumbaku huzichafua, na hata maji na joto la mwili wenyewe huzioza. Tomas Lindahl, mtu wa Uswidi, ndiye aliyeonyesha kuwa DNA huharibika yenyewe kila siku, kwa maelfu ya majeraha katika kila seli, na kwamba lau si matengenezo yasiyokatika tusingaliishi. Paul Modrich wa Marekani alionyesha jinsi makosa ya kunakili yanavyorekebishwa. Na Aziz Sancar, aliyezaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Savur huko Uturuki, kwa wazazi wasiojua kusoma wala kuandika, ndiye aliyefunua jinsi kipande kilichounguzwa na jua kinavyokatwa na kutiwa kipya mahali pake. Wote watatu walishirikishwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015. Tumemtaja Sancar na mji wake na wazazi wake kwa makusudi, na wazee wanaotuambia kuwa elimu hizi haziwahusu watoto wetu wajua makusudi yetu ni nini.

Sasa, ajabu ya mambo ni kuwa wasahihishaji hao nao wameandikwa katika andiko lilelile wanalolisahihisha. Ikiwa kosa limeangukia katika jumla ziletazo uhai wa msahihishaji, basi msahihishaji hatakuja, au atakuja akiwa dhaifu, na makosa mengine yataachwa yarundikane mpaka seli moja ipoteze adabu yake, izae bila ya kipimo. Na hiyo ndiyo saratani. Katika wasahihishaji hao wako wawili mashuhuri, BRCA1 na BRCA2, waliotambulikana mwaka 1994 na mwaka 1995. Kazi yao ni kuunga DNA iliyokatika pande zote mbili, nalo ndilo jeraha baya kuliko yote.

Hapa pana jambo ambalo watu hulikosea. Mwenye kurithi hitilafu hiyo hakurithi saratani. Amerithi nuskha moja mbovu, na ile ya pili aliyopewa na mzazi mwingine bado ni nzima na yafanya kazi. Maradhi huanza pale ambapo katika seli fulani ile nzima nayo imeharibika. Wengine hufikia uzee wasiyaone. Na la pili, hitilafu hii hupita kwa baba kama inavyopita kwa mama, nusu kwa nusu kwa kila mtoto, wa kiume na wa kike. Mwanamume aweza kuibeba maisha yake yote bila ya kujua, akampa binti yake. Na yeye mwenyewe hasalimiki kabisa, kwani humzidishia hatari ya saratani ya tezi ya kibofu na ya kongosho, na mara chache ya matiti. Basi mama mkwe anayesema kuwa maradhi haya yameletwa nyumbani na mke, asema neno lisilo na msingi.

Katika Uchina mambo haya yamechunguzwa sana, wala hayafanani katika kila neno na yale ya Ulaya. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 na madaktari wa Beijing uliwapima wanawake 8,085 waliokuwa na saratani ya matiti, bila ya kuchagua wenye ugonjwa katika ukoo, ukaona kuwa karibu 9 katika kila 100 walikuwa na hitilafu ya kurithi katika jeni za namna hii, na wengi wao ni katika BRCA1 na BRCA2. Iko hitilafu moja ya BRCA1 ambayo hukutwa kwa Wachina mara kwa mara, nayo ni kudondoka kwa herufi 8 karibu na mwisho wa jeni. Wachunguzi wameona kuwa chimbuko lake ni mtu mmoja wa zamani, ambaye dhuria yake wameenea bila ya wao kujuana. Herufi nane katika milioni elfu tatu! Kwa Mayahudi wa asili ya Ulaya ya Mashariki ziko hitilafu tatu za namna hiyo, na kwa pamoja humfikia mtu 1 katika kila 40 hivi. Kwa Wachina kwa jumla wenye hitilafu za BRCA ni wachache zaidi kwa idadi, chini ya 1 katika kila 200, lakini taifa ni kubwa, na uchache huo ni mamilioni ya roho.

Kuhusu ukubwa wa hatari, wanawake wa Ulaya na Marekani wenye hitilafu hizi, kiasi cha 7 katika kila 10 hupata saratani ya matiti kabla ya kufikia miaka 80. Hesabu za Beijing kwa wanawake wa Kichina zilikuwa ndogo zaidi, thuluthi moja na ziada kidogo kabla ya miaka 70. Umri uliohesabiwa si mmoja, na nchi si moja. Twayataja haya ili ifahamike kuwa hesabu ya watu wengine haichukuliwi ikavishwa watu wote kama kanzu ya dukani.

Na hili latuleta kwenye dhulma moja isiyokusudiwa. Madaftari makubwa ya elimu hii yalijengwa kwanza kwa damu ya watu wa Ulaya. Akipimwa mwanamke wa Kichina ikaonekana herufi iliyobadilika, mara nyingi zaidi kuliko Mzungu ataambiwa kuwa hitilafu yake haijajulikana hukumu yake, kama ni ya madhara au ni tofauti tu ya maumbile. Na Mwafrika hali yake ni hiyohiyo. Wachina wameanza kuandika madaftari yao wenyewe. Zilikuweko pia, kwa miaka mingi, tafiti ndogondogo juu ya tofauti za kawaida katika jeni kama XRCC1, ambazo watu wengi wasio na maradhi wanazo. Mmoja akisema huko Uchina kuwa zazidisha saratani ya mapafu, mwingine akisema hazizidishi, na wa tatu akisema zapunguza. Hiyo ni dhana, na dhana haijengewi hofu. Hitilafu ya mama wa Guangzhou si ya namna hiyo, bali ni katika zile zilizothibiti.

Wala msomaji asije akadhani kuwa kila saratani ni ya nasaba. Zilizorithiwa hivi ni chache, kiasi cha 5 hadi 10 katika kila 100. Huko Qidong, karibu na Shanghai, saratani ya ini iliua watu wengi kwa miaka mingi, na sababu ilikuwa ni virusi vya homa ya ini pamoja na sumu ya ukungu wa mahindi, aflatoksini, ambayo hushika DNA ikaiharibu. Watu walipoacha mahindi wakala wali, vifo vilishuka. Ukungu huo sisi hatuhitaji kuelezwa. Mwaka 2004 uliua watu 125, hasa katika Makueni na Kitui, waliokula mahindi yaliyooza ghalani.

Basi turudi kwa mama yetu.

Wenye kumtetea wana hoja tatu, na ya kwanza ni nyepesi. Wasema: mwili ni wake, maradhi ni yake, na siri ni yake. Twakubali nusu ya maneno haya. Uchungu wake ni wake, na dawa anazokunywa, na hofu yake ya usiku; hayo hana wajibu wa kumwambia yeyote. Lakini hitilafu si yake peke yake. Amepewa na mzazi, na mzazi huyohuyo ndiye mzazi wa dada yake. Fikiri nyumba ya mawe katika mji wetu wa kale, waliyoirithi dada wawili. Mmoja alala juu na mmoja alala chini. Wa juu apanda siku moja kutazama dari, aona boriti imeliwa na mchwa. Je, aweza kusema kuwa macho yaliyoiona boriti ni yangu, basi habari ya boriti ni yangu? Nyumba ni ya wawili, na anayelala chini ya boriti ile ndiye mwenye haki zaidi ya kuambiwa. Kwa dada huyu uwezekano ni nusu kwa nusu, na kwa binti yake, maadamu mama yake hajapimwa, ni robo. Hicho si kitu kidogo.

Hoja ya pili ni huruma, nayo yastahiki heshima. Katika desturi ya Wachina, kwa muda mrefu, mgonjwa wa saratani hakuwa akiambiwa. Daktari huwaambia watoto wake, nao hubeba habari hiyo vifuani mwao, huku wakimchekea mzee wao ili apate kula na kulala. Hata kanuni ya madai ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 2021, imemruhusu daktari kuwaeleza jamaa wa karibu pale isipofaa kumweleza mgonjwa mwenyewe. Hatuwacheki kwa hilo. Nani katika sisi hajamficha mama yake habari ya daktari? Tumekaa katika nyumba za mji huu, tumewaona watoto wakitoka uani kulia na kurudi chumbani wakitabasamu. Ni mzigo ambao mwenye kuficha amejitwika yeye ili mpendwa wake apumzike.

Lakini huruma hiyo ilizaliwa katika hali ambayo hapana la kufanya. Dada yake ni mzima. Akijua leo, lipo la kufanya: aweza kutazamwa matiti yake kila mwaka kwa vyombo vinavyoona mapema, na akiwa amekwisha zaa, aweza kutolewa ovari kabla hazijaugua, jambo ambalo hupunguza hatari ya saratani hiyo kwa zaidi ya robo tatu. Na saratani ya ovari ina ubaya huu, kwamba hufika kimya, na wengi huijua ikiwa imekwisha kuenea. Mama yao hawa dada wawili alikufa kwa kile kilichoitwa maradhi ya tumbo, na hapakuwa na aliyejua ni nini. Sasa anajua mmoja. Na elimu hiyo hiyo imemfaa mwenyewe, kwani iko dawa iitwayo olaparibu, iliyoruhusiwa Uchina mwaka 2018, ambayo huiua ile seli mbaya kwa sababu ya udhaifu wake wa kujitengeneza, na mama huyu hupewa hiyo. Ameponea, au aponea, kwa habari ambayo dada yake hana.

Na liko jambo jingine katika nchi ile ambalo lazidisha uzito wa kunyamaza. Tangu mwaka 1980 hivi mpaka 2015, serikali iliwazuilia watu wengi kuzaa zaidi ya mtoto mmoja. Daktari wa zamani alikuwa akilitambua ugonjwa wa nasaba kwa kuuliza: shangazi zako wangapi, na wamekufa kwa nini? Leo katika koo nyingi hapana shangazi wala mama mdogo wa kuulizwa. Mti hauna matawi, na maradhi yaweza kupita kwa baba mmoja hadi binti mmoja pasiwe na alama yoyote. Binti huyu aliyeposwa hana ndugu ambaye kuugua kwake kungemwonya. Onyo lake la pekee limo katika kinywa cha mama yake mdogo.

Ama hoja ya tatu, hiyo ndiyo iliyotulaza macho. Ni aibu, na ndoa. Wako katika darasa letu walioipuuza, wakasema kuwa mtu atakayevunja posa kwa ajili ya herufi nane hafai kuozwa. Ni rahisi kusema hivyo juu ya posa ya mtu mwingine. Hofu ya mama huyu haikuzuliwa. Sheria ya Uchina ya mwaka 1994 juu ya afya ya mama na mtoto iliwataka wachumba wapimwe kabla ya kuandikiwa ndoa, na aliyekutwa na ugonjwa mzito wa kurithi, ulioonekana haufai kuzaa, alikuwa haruhusiwi kuoa ila akubali kuzuia uzazi. Na upimaji huo ulibaki lazima mpaka mwaka 2003. Mama mwenye miaka 47 aliukulia wakati huo. Na katika Foshan, mji jirani wa Guangzhou, vijana watatu walifaulu mtihani wa kazi ya serikali mwaka 2009, wakakataliwa kwa kuwa damu zao zilionyesha wamebeba jeni ya talasemia, ambayo watu wengi mno wa jimbo lile wanayo na haiwazuilii kufanya kazi yoyote. Walishitaki, na mwaka 2010 wakashindwa. Basi mtu aliyeona haya akiogopa, tusimwite mjinga.

Wala tusitazame mbali. Pwani yetu hii ina selimundu. Wengi wamebeba nuskha moja ya hitilafu yake, na ni wazima, bali imewakinga na malaria tangu utotoni. Wakioana wawili waliobeba, robo ya watoto wao kwa makadirio watakuwa wagonjwa. Twajua nyumba ambazo mtoto amekufa, na wa pili akafa, na jamaa wakasema ni jicho, au ni shetani, na huku nyanya wa mtoto alikuwa akijua habari za ndugu zake waliokufa vivyo hivyo, akanyamaza siku ya posa. Hakunyamaza kwa ubaya. Alitaka mwanawe aolewe. Tumewahi kumsikia bibi mmoja wa namna hiyo akisema, baada ya kaburi la tatu, kuwa lau angalijua kuwa kunyamaza kutamrudia hivi angalipiga kelele sokoni.

Katika lugha yetu kuna maneno mawili ambayo tusiyachanganye. Kusitiri ni kumfunika mtu mbele ya asiyekuwa na haki ya kumwona. Kuficha ni kumzuilia mwenye haki kitu chake. Mama wa Guangzhou, akiinyamazia habari hii mbele ya watu wa mume, na majirani, na matajiri wa kazi, na mashirika ya bima, amesitiri, na twamsifu. Akiinyamazia mbele ya dada yake, ameficha. Wanaostahiki lawama ni wale watakaomdharau binti kwa kitu ambacho hakukichuma, lakini dhulma yao wao haiwezi kulipwa kwa uhai wa dada asiyejua.

Kwa hiyo jawabu yetu kwa ndugu yetu ilikuwa hii: amwambie dada yake, peke yao, pasiwe na mwanamume wala mtoto chumbani, na asimrushie habari yote usoni kama mtu anayetua mzigo. Aanze kwa kumwambia kuwa daktari amesema katika maradhi yangu mna jambo la ukoo, wapenda nikueleze? Kwani iko haki ya kujua, na iko pia haki ya mtu mzima kusema bado, sijawa tayari. Yeye wajibu wake ni kuufungua mlango. Kuingia ni khiari ya mwenzake. Na kama dada atapimwa akaonekana hana, basi binti amesalimika na hapana la kusemwa kwa yeyote.

Je, akionekana anayo, na binti naye akapimwa akawa anayo? Hapo hatukukubaliana. Wengi wetu twaona kuwa binti amwambie mchumba wake yeye mwenyewe, si wazee wake, kwa kuwa watoto watakuwa wa wawili. Mmoja wa wazee wetu, ambaye maoni yake hatuyadharau, alikataa. Alisema kuwa kila bwana arusi na kila bibi arusi amebeba kitu katika damu yake, ila wengine hawajapimwa. Na kumlazimisha aliyepimwa aseme, na kumwacha asiyepimwa anyamaze, ni kumwadhibu mtu kwa sababu ya kujua kwake, na baada ya hapo hapana atakayekubali kupimwa. Tulimjibu kwa kadiri ya uwezo wetu, wala hatudai kuwa tulimshinda. Tumeyaandika maneno yake ili wasomaji nao wayapime.

Wako pia waliosema kuwa haya yote ni taabu bure, kwa kuwa yaliyoandikwa yatakuwa. Hao tuliwauliza kama hufunga milango ya maduka yao usiku. Tukaendelea na mazungumzo mengine.

Ndugu yetu aliyachukua maneno yetu akamfikishia kwa simu, kwa Kiingereza chao cha biashara ambacho mwenyewe asema hakina maneno ya mambo kama haya. Mama alikaa siku nne asijibu. Kisha akajibu kuwa mwanzoni mwa mwezi wa nne kuna siku ambayo Wachina huenda makaburini kuyafagia, wakaweka maua na chakula, nayo huitwa Qingming. Na kila mwaka yeye na dada yake huenda wawili tu kwenye kaburi la mama yao, kwa gari la moshi, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Alisema atamwambia katika safari ya kurudi. Ndugu yetu ataondoka siku chache baadaye kwenda kwenye maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayofunguliwa tarehe 15 ya mwezi huo, na ametuuliza ampelekee nini. Tumemwambia ampelekee halua ya kutosha watu wawili.